Kufunua Kitabu cha Picha Pamoja na Mtoto Mdogo

Soma kwanza: Yoshua 4:1–7 na 20–24, Marko 10:13–16, 2 Timotheo 1:5 na 3:14–15.



Mwezi huu nataka tujifunze jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa dogo, nalo ni hili: mtu mzima kuketi na mtoto mdogo, asiyejua kusoma bado, na kufunua pamoja naye kitabu cha picha. Twajua kumfundisha mtoto aliyekwisha kuingia shule ya Jumapili. Twajua kumwandaa kijana kwa Kipaimara. Lakini mtoto wa mwaka mmoja, au miwili, au mitatu, twamwacha kama shamba ambalo msimu wake haujafika. Twasema, "Ngoja akue kwanza, ndipo tumfundishe." Basi na tuone kama neno hili lina hekima ndani yake.

1. Mawe ya Gilgali

Waisraeli walipovuka Yordani, Mungu aliamuru watu kumi na wawili watwae mawe kumi na mawili katikati ya mto, na Yoshua akayasimamisha huko Gilgali. Kwa sababu gani? Si kwa kupamba mahali. Ni kwa ajili ya watoto. Mtoto atayaona mawe yale, atauliza maana yake, ndipo baba yake atakapomsimulia habari ya mto uliokauka mbele ya sanduku la agano.

Angalieni utaratibu huu vizuri. Hatuoni kwamba baba aanza kusema na mtoto akasikiliza tu. Kwanza kipo kitu cha kuonekana kwa macho. Kisha lipo swali la mtoto. Mwisho ndipo lipo jibu la mzazi. Ndivyo ilivyo pia katika habari ya Pasaka, Kutoka 12:26, watoto wanapoiona ibada ile na kuuliza. Mungu aliyemwumba mtoto ajua ya kuwa macho yake hufunguka kabla ya masikio yake kuweza kushika maneno mengi. Kwa hiyo amempa jiwe la kulitazama, na mzazi wa kumwuliza.

Kitabu cha picha ni jiwe kama hilo. Picha haisemi yenyewe. Yamngoja mtoto aulize, na yamtaka mtu mzima awe karibu.

2. Baba zetu wa imani walionaje?

Wako watu waogopao picha, wakisema ya kwamba amri ya Mungu yazikataza. Neno hili si geni. Luther alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, watu wa Wittenberg walianza kuzivunja sanamu na picha za kanisani. Yeye alirudi mwezi wa Machi mwaka 1522, akawahubiri siku nane mfululizo, akafundisha kwamba kosa liko katika moyo uabuduo picha, wala si katika picha yenyewe.

Tena hakuishia hapo. Mwaka 1529, mwaka ule ule alipotoa Katekismo Ndogo, alikitoa upya kitabu chake cha sala, akatia ndani yake picha kama 50 zilizochongwa katika mbao, kuanzia kuumbwa kwa ulimwengu na kuendelea. Alieleza sababu yake: watoto na watu wasio na elimu huzishika habari za Mungu kwa picha na mifano kuliko kwa maneno matupu. Na katika Katekismo yenyewe hakumwachia mchungaji peke yake kazi ya kufundisha. Aliandika kwamba mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa njia nyepesi. Baba anayesema, "Hiyo ni kazi ya mama na ya mwalimu wa Jumapili," na aisome Katekismo yake tena.

Yuko na mwingine, Johann Amos Comenius, askofu wa Umoja wa Ndugu, ambao ndugu zetu Wamoravian wawahesabu kuwa baba zao. Alizaliwa mwaka 1592, akafukuzwa katika nchi yake kwa ajili ya imani, vitabu vyake vikateketea katika moto wa vita. Walakini mwaka 1658 alitoa mjini Nürnberg kitabu cha picha kwa watoto, chenye sura 150, kila sura na picha yake: mbingu, moto, ndege, mkate, fundi na kazi yake. Mwanzoni aliweka herufi pamoja na wanyama, ili mtoto ajifunze kila herufi kwa sauti ya mnyama, kama mwana-kondoo aliaye. Alijua ya kwamba mtoto huingia katika elimu kwa mlango wa furaha.

3. Kosa langu mwenyewe

Nayanena haya si kama mtu aliyeyajua tangu mwanzo. Binti yetu wa mwisho alipokuwa na miaka 2, nilipata kitabu cha picha za Agano Jipya, nikafurahi sana. Jioni moja nilimpakata, nikafunua penye mchungaji aliyembeba kondoo aliyepotea. Nilikuwa nimekwisha kuliweka somo langu tayari, kama mahubiri yenye sehemu tatu. Yeye akaweka kidole chake pembeni mwa picha, palipokuwa na mbwa mdogo, akasema, "Bwa."

Nikauondoa mkono wake, nikasema, "Siyo hapo. Tazama hapa. Huyu ni nani?" Akanyamaza. Nikamwuliza tena kwa sauti ya mwalimu. Akageuza ukurasa, nikaurudisha. Akashuka magotini mwangu, akaenda zake. Siku ya tatu nilipomwita na kumwonyesha kitabu kile, alikimbilia jikoni.

Mama yangu mzazi alikuwa akikaa nasi. Yeye hakupata kusoma shule. Juma lililofuata nilirudi kutoka mazishini, nikasikia sauti barazani, nikasimama nyuma ya mlango. Bibi alikuwa amempakata mtoto, na kitabu kilikuwa mikononi mwa mtoto, si mwa bibi. Mtoto akasema, "Bwa." Bibi akajibu, "Ehe, mbwa! Mbwa wa nani huyu?" Kisha akangoja. Hakuongeza neno. Mtoto akaitazama picha kwa muda, akaweka kidole juu ya mchungaji. "Kumbe ni mbwa wa baba huyu! Naye baba huyu amebeba nini?" Mtoto akasema, "Mee." Bibi akasema, "Ndiyo, kondoo. Kondoo huyu alipotea porini hata giza likaingia. Na wewe ulipopotea sokoni ulilia, sivyo? Mama akaja, akakubeba." Mtoto akajilaza kifuani pa bibi yake, macho yake yakiwa bado juu ya kondoo.

Ndugu zangu, niliona haya. Mimi niliyesoma seminari sikumfikisha mtoto kwa Mchungaji. Mama yangu asiyejua herufi moja alimfikisha kwa njia ya mbwa. Jioni nilipomweleza kosa langu, alinijibu, "Baba, mtoto si mlango wa kusukumwa. Ukibisha hodi, ungoje."

Tazameni Marko 10. Wanafunzi waliwakemea walioleta watoto, kwa kuwa walidhani wanailinda heshima ya Bwana. Hivyo hivyo mimi nilidhani nalilinda somo la Bwana, nami nalimzuia mtoto. Yalipita majuma mengi kabla hajaniletea tena kitabu kwa mkono wake mwenyewe. Siku ile aliponiletea, nilianza na mbwa.

4. Mtoto huionaje picha?

Mtoto mchanga hajui ya kwamba picha ni picha. Mwaka 1998 wataalamu waliandika habari za watoto wa miezi 9, wengine wa Marekani na wengine wa kabila la Wabeng katika Côte d'Ivoire. Wote walijaribu kukishika kitu kilichochorwa, kana kwamba chaweza kutolewa katika karatasi. Lakini watoto wa Marekani waliokuwa na miezi 19 hawakufanya hivyo tena. Walikionyesha kwa kidole. Basi mtoto wako akipapasa picha au kuikwaruza, usimpige mkono. Bado anajifunza picha ni kitu gani.

Kile kidole ni jambo kubwa. Mtoto anapokaribia kutimiza mwaka mmoja, huanza kuonyesha kitu kwa kidole na kukutazama usoni, aone kama nawe umekiona. Hapo awali alijua kutazama kitu, au kukutazama wewe. Sasa aweza kutazama pamoja nawe. Hapo ndipo neno huingia: mtu mzima akilitaja jina la kitu ambacho mtoto amekikazia macho, mtoto hulishika upesi kuliko akivutwa kwenye kitu kingine.

Tena imeonekana kwamba namna ya kufunua kitabu yapita wingi wa kusoma. Mwaka 1988 Grover J. Whitehurst na wenzake katika New York waliwafundisha wazazi wa watoto wa miaka kama 2 waulize maswali yasiyojibiwa kwa "ndiyo" au "hapana" tu, wapokee kila jibu la mtoto, na kuliongeza kidogo. Wazazi wengine waliendelea kusoma kwa desturi yao. Pande zote mbili walisoma, lakini baada ya mwezi mmoja watoto wa wale waliofundishwa walikuwa wamewatangulia wenzao kwa miezi kadhaa katika kusema.

Mtu asiseme, "Hayo ni ya Wazungu wenye vitabu vingi." Huko Khayelitsha, mtaa wa watu maskini karibu na Cape Town, Peter Cooper na Lynne Murray pamoja na wenzao waliwafundisha akina mama na walezi kufunua vitabu na watoto wao wa miezi 14 hadi 16. Mafundisho yalikuwa ya majuma 8. Habari zake zilipigwa chapa mwaka 2015: watoto wa waliofundishwa waliwazidi wenzao katika maneno, na katika kukaza nia juu ya jambo moja.

5. Jinsi ya kufanya

Kwanza, mpakate mtoto, au umweke ubavuni mwako, mahali unapoweza kuyaona macho yake na kujua anatazama nini.

Pili, yeye ndiye ashike kitabu na kugeuza kurasa. Mtoto mchanga atakitia kinywani. Mwache akionje kidogo, kisha ukifunue. Akiruka kurasa tano, ruka pamoja naye.

Tatu, fuata kidole chake na jicho lake. Kama atazama kuku, nawe taja kuku, hata kama somo lako ni la Ibrahimu. Lia kama kuku. Mchungaji hatapungukiwa na heshima kwa kulia kama kuku nyumbani mwake.

Nne, ngoja. Hili ni gumu kuliko yote kwetu tuliozoea kuhubiri. Ukiisha kuuliza, hesabu moyoni polepole hata tano kabla ya kusema tena. Jibu la mtoto hutoka mbali.

Tano, pokea neno lake na kuliongeza. Akisema, "Ng'ombe," sema, "Ndiyo, ng'ombe mweupe anakunywa maji." Akikosea, akamwita mbuzi mbwa, usimcheke wala usimwambie, "Sivyo." Sema tu, "Huyu ni mbuzi, ana pembe," na kuendelea.

Sita, unganisha picha na maisha yake. "Mtumbwi huu uko majini. Na sisi tulivuka mto kwa miguu, wakumbuka?" Neno lililofungwa na jambo alilolipitia halisahauliki.

Saba, sema habari za moyo. "Mtoto huyu analia. Amepatwa na nini? Tumfanyie nini?" Kwa njia hii mtoto hujifunza kuhurumia kabla hajajua kulitaja neno huruma.

Maswali nayo yafuate umri. Mtoto wa mwaka mmoja ataweza, "Kuku yuko wapi?" Wa miaka miwili ataweza, "Hiki ni nini? Anafanya nini?" Wa miaka mitatu ataweza, "Kwa nini amekimbia? Sasa itakuwaje?"

Wala usiogope kurudia kitabu kile kile. Wewe umechoka nacho, mtoto hajachoka. Dakika kumi zatosha, na akigeuka kwenda kucheza, funga kitabu kwa furaha. Kitabu kisiwe adhabu kamwe.

6. Kwa wasiojua kusoma, na wasio na vitabu

Wako akina bibi wengi katika sharika zetu wanaolea wajukuu, nao husema, "Mimi si msomi, kitabu ni cha wenye macho." Sivyo, mama zangu. Kitabu cha picha hakihitaji herufi. Hutaka mtu mwenye subira na masimulizi, nanyi mnavyo vyote viwili kuliko sisi vijana wenu. Semeni na mtoto kwa lugha mnayoijua vizuri kuliko zote, hata ikiwa ya kabila. Picha haina kabila. Kiswahili atakipata, wala hakitazuiliwa na lugha ya mama yake.

Asiye na kitabu atengeneze. Kila mwaka unapokwisha, kalenda za ukutani hutupwa. Kata picha zake. Kata boksi gumu vipande vilivyo sawa, bandika picha kwa gundi ya uji wa unga wa ngano, acha vikauke, toboa matundu pembeni na kushona kwa uzi imara. Kurasa sita au nane zatosha. Ukiweza, chora mwenyewe mgomba, chungu, jembe, na nyumba yenu. Mtoto hatacheka mchoro wako.

Tena nimeingia katika nyumba nyingi nikaona kitabu kizuri cha picha kimefungiwa kabatini, kisije kikachanika. Wapendwa, kitabu kilichochanika mikononi mwa mtoto kimefanya kazi yake. Kilichofungiwa hakijafanya kazi.

Siku hizi wengi humtuliza mtoto kwa kumpa simu yenye picha zitembeazo. Sikatai ya kwamba huwa kimya. Lakini picha zile hazimngoji mtoto, wala haziulizi mbwa ni wa nani. Tusiuite ukimya ule malezi.

7. Neno kwa wainjilisti na waalimu

Msiwakusanye watoto wadogo thelathini na kuinua picha moja mbele yao, mkidhani mmefanya kazi hii. Picha kubwa ukutani yafaa kwa kundi la watoto wakubwa. Mdogo hutaka goti la mtu mmoja. Kazi yenu ni kuwafundisha wazazi. Mnapozuru nyumba, na hasa kwa wazazi wanaojiandaa kwa ubatizo wa mtoto wao, chukueni kitabu kimoja mkononi. Ketini, mfunueni pamoja na mtoto wa nyumba ile, baba na mama wakitazama. Kisha mpeni mama kitabu, nanyi mnyamaze. Baadaye mpeni baba pia.

Wala tusiwaahidi watu kwamba kwa njia hii watoto wao watakuwa wa kwanza darasani. Tuwaambie lililo kweli na lililo kubwa zaidi. Timotheo aliyajua Maandiko tangu utoto wake, na imani yake Mtume aliiona kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Mtoto aliyesikilizwa magotini mwa baba yake, atakapofundishwa kusema "Baba yetu," hatalisema neno hilo kama neno geni. Atajua tayari, kwa sehemu, ni nani asikilizaye mtoto anenapo.

Maswali ya kujiuliza

1. Katika Yoshua 4, ni nani aanzaye kuuliza? Katika nyumba yako ni nani aanzaye?
2. Je, liko jambo ambalo wewe, kama wanafunzi wa Bwana, hulifanya kwa nia njema, walakini lamzuia mtoto?
3. Katika usharika wenu wako watoto wangapi walio chini ya miaka mitatu? Wangapi nyumbani mwao kiko kitabu cha picha wanachoruhusiwa kukishika?
4. Ni bibi gani katika mtaa wako awezaye kuwafundisha vijana kazi hii?

Jioni ya leo, kabla ya sala, jaribuni. Mwiteni mtoto, mpeni kitabu, mngoje kidole chake.

Bwana aliyewakumbatia watoto na kuwabariki awe pamoja nanyi na watoto wenu. Amina.